Tabo ya Mwalimu wa Fizikia

Mwalimu hakuwa mtu wa kuingia mahali akakaa. Akifika gereji kwangu, nyuma ya soko la Kyela, alisimama kwanza mlangoni akasoma kila kilichoandikwa: makopo ya oili, namba za magari, kalenda ya mwaka jana. Siku ya kwanza alipokuja kama mteja alikisoma kibao changu cha nje mara mbili, kisha akaniomba rangi na brashi. Nilikuwa nimeandika "Tunatengeneza magari ya ina zote." Aliiongeza ile "a" iliyokosekana kwa mkono wake, herufi nyembamba iliyosimama wima, akaniambia kwamba sasa naweza kupokea wateja. Ndipo akakubali kiti.

Alinifundisha fizikia miaka minne. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mwembamba kuliko wote darasani, na siku ya somo la kanieneo alinichagua mimi. Aliweka mpira wa ndani wa baiskeli juu ya meza, ukiwa hauna upepo, akapanga juu yake kamusi mbili na atlasi, akaniambia nipulize. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Vile vitabu vikainuka. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Alisema, "Mmeona? Huyu hajaongezewa misuli. Kilichoongezwa ni hewa." Nadhani ufundi wangu wote ulianzia kwenye meza ile, ingawa mwenyewe nilikuwa nimeshangaa tu kwamba mimi, mwembamba vile, nimenyanyua atlasi.

Kupima ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Mwanafunzi aliyekisia jibu, hata kama amepatia, alirudishwa akapime. Nyumbani kwake kulikuwa na kipimajoto ukutani, na kopo la kupimia mvua alilolitengeneza mwenyewe, na daftari la kuandika vyote viwili kila asubuhi. Majirani waliona ni kazi isiyo na faida, maana Kyela joto lipo na mvua ipo, huhitaji daftari kuvijua. Yeye aliandika tu. Alikuwa na msemo: "Usichokipima usikisimulie." Ndiyo maana baadaye, nilipogundua kwamba mtu huyu anaweza kudanganya, nilikaa na jambo lile siku nyingi bila kumwambia hata mke wangu.

Kwao ni Lushoto, milimani, mkoa wa Tanga. Alipangiwa kazi Kyela akiwa msichana, akafundisha mpaka akastaafu, akanunua kiwanja Ngonga katikati ya mashamba ya mpunga, akajenga vyumba vitatu. Hakuolewa. Watu walimpenda, sitaki mtu afikirie kwamba alitengwa. Wakivuna mpunga walimpelekea, wakipata mbasa wabichi kutoka ziwani walimkumbuka, naye alipokea kwa mikono miwili na kusema "ndaga fijo", ahsante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi ya kwao, ikatoka kama neno jingine kabisa. Wote walimwita Mwalimu, hata wazee ambao hawakuwahi kuingia darasani. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisini tu. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote wa Kyela akilitamka.

Sikukuu ya Idi alikuwa akipika pilau ya sufuria kubwa. Ngonga yote Waislamu ni wa kuhesabu. Wengi wako mjini, wenye maduka. Basi pilau ile ililiwa na Wamoraviani na Walutheri. Aliigawa nyumba hadi nyumba yeye mwenyewe, mtandio mpya kichwani, akiulizia afya za watu na masomo ya watoto. Mwaka mmoja nilimpelekea betri siku ya sikukuu yenyewe, nikapitia nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni na sahani mapajani, anakula alichobakiza, sufuria tupu iko pembeni imelowekwa maji. Aliponiona alisimama haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Kila masika alijaribu kupanda matunda ya kwao, yale madogo mekundu ya mlimani. Aliagiza miche, ikafika kwenye makopo, akaichimbia mashimo kwa vipimo. Joto la Ngonga likaiua yote, mwaka baada ya mwaka, na miche ambayo joto liliisahau mafuriko yaliikumbuka. Nilimwuliza kwa nini asipande kakao kama watu wengine. Akanijibu kwamba kakao anayo, miti kumi na miwili, inazaa vizuri tu.

"Hiyo hainihitaji," akasema.

Pikapu yake aliinunua baada ya kustaafu. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu lakini imara, injini ya kawaida isiyo na tabo, yaani inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Injini ya namna hiyo haina neno huku bondeni. Ukianza kupanda kwenda Tukuyu ndipo unapoijua. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, injini inapata pumzi ndogo wakati ule ule inapotakiwa kufanya kazi kubwa. Pikapu ya Mwalimu ilipanda kwa gea ya pili ikitoa moshi mweusi, na malori yaliyobeba mchele yakaipita.

Hapo ndipo alipopata la kusema. Binti wa kaka yake alikuwa akimpigia simu kutoka Lushoto, mara nyingine nikiwepo. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande huo haukubadilika: salamu, afya ya kaka, hali ya mvua, halafu, "Ningekuja, mwanangu, lakini gari haipandi milima." Usafiri wa basi haukuwa na nafasi katika mazungumzo hayo. Ilijulikana tangu tukiwa shule kwamba Mwalimu hawezi basi, hutapika njia nzima. Mara ya mwisho kupanda basi la mbali alikuwa anaenda msibani kwa mama yake, nami nilikuwa bado mwanafunzi. Alirudi mapema kuliko ruhusa aliyopewa, akaendelea na somo pale alipoliachia, na tangu hapo hakuwahi kwenda kwao.

Mimi nilisikia neno "haipandi" kama fundi. Mtu akikuambia gari lake lina ugonjwa na wewe unaijua dawa, unafikiri nini kingine? Nilimwambia naweza kumfungia tabo.

Nilitegemea afurahi. Aliniuliza tu kama jambo hilo linawezekana. Nikamweleza: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure, tabo inatumia nguvu hiyo kuzungusha feni, na feni inasukuma hewa ndani ya silinda. Aliyajua yote. Akaanza kunipinga. Pistoni za injini hii hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kweli, nikasema, ndiyo maana tutasukuma hewa kidogo tu, nusu ya uwezo wa tabo. Joto litazidi. Litazidi kidogo, nikasema, tutaweka geji, na rejeta kubwa zaidi. Oili je? Tutatoboa njia ya kuipeleka kwenye tabo na njia ya kuirudisha. Kila pingamizi alilolitoa nililijibu kwa masomo aliyonifundisha yeye mwenyewe, nami nilijivuna, nikaona leo mwanafunzi amekua. Sikuuona uso wake ukizidi kuwa wa mtu aliyebanwa kwenye kona. Mwishoni alisema, "Basi funga."

Tabo niliipata Tunduma, kwenye gari lililopata ajali ubavuni na injini ikabaki nzima. Kazi ilichukua majuma matatu. Menifodi ya eksozi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, haikulingana na tabo, nikachomelea kipande cha kati mara mbili kabla hakijaacha kuvujisha moshi. Mwalimu alikuja kila siku. Alikaa kwenye kiti na daftari lake, akapiga hesabu za kanieneo, akanisomea matokeo, na mara mbili hesabu zake ziliniokoa, maana nilitaka kuongeza dizeli kwenye pampu kuliko ilivyofaa. Siku zile alikuwa mchangamfu. Alinisimulia habari za chuo chake, za mkuu wa shule wa kwanza aliyeogopa umeme. Mke wangu aliniletea chakula, akaanza kuleta sahani mbili. Nadhani Mwalimu alitamani kazi ile isiishe, lakini hilo ninalisema leo.

Jaribio la kwanza tulifika Ushirika, kituo cha njiani kwenda Tukuyu, tukiwa tunapanda, mpira wa kupitisha hewa ya tabo ukachomoka kwa mlio ambao uliwatoa watu madukani. Moshi ukatanda barabara nzima. Nilishuka nimeona haya. Yeye alibaki ndani ameshika usukani kwa mikono miwili, akasema kwa utulivu kwamba labda milima haitaki.

"Ni kilemba cha kubania mpira, Mwalimu," nikamwambia. "Nimetumia kilicho kidogo."

Jaribio la pili aliendesha yeye. Baada ya Ushirika aliingiza gea ya tatu na pikapu ikaipokea, kisha ya nne. Filimbi ya tabo ikaanza, nyembamba, kama birika likikaribia kuchemka. Tulilipita lori, tukalipita la pili. Nilikuwa nacheka peke yangu. Tulipofika Tukuyu alisimamisha gari kando ya barabara, akateremsha kioo. Kulikuwa na ukungu, migomba imelowa, mahali fulani watu wanachoma kuni za mkaratusi. Akavuta hewa ile kwa pua, kwa muda mrefu.

"Kunanukia kama kwetu," akasema.

Nikamwambia sasa kwao si mbali tena. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akageuza gari. Nilimfundisha jambo moja tu nililolijua kuliko yeye: akifika mahali asizime injini mara moja, aiache ingurume taratibu dakika mbili tatu tabo ipoe. Tangu siku hiyo majirani wa Ngonga walimwona akiwa amekaa ndani ya gari lililosimama uani kwake, injini inanguruma, yeye ametazama mbele kama bado yuko safarini.

Baada ya Idi aliaga. Ilikuwa Ijumaa. Walimletea mchele wa kupeleka Lushoto, kilo kwa kilo, mpaka nyuma ya pikapu pakajaa. Binti wa kaka yake alipiga simu mbele yetu kuuliza kama ameshaanza safari. Jumapili alikuwa amerudi. Alisema alifika Mbeya akajisikia vibaya, atakwenda mwezi ujao. Mwezi uliofuata akaenda tena, akakaa siku tatu, akarudi, akatuambia kwao ni wazima. Tukafurahi. Mwezi mwingine hivyo hivyo. Ikawa kawaida: Mwalimu ameenda kwao, Mwalimu amerudi.

Mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia oili, na fundi anayebadilisha oili anaandika kilomita. Safari ya Lushoto, kwenda tu, inazidi kwenda Mbeya na kurudi mara tatu. Kilomita za Mwalimu zilikuwa chache mno. Nilifikiri geji imekufa, nikaipima, ilikuwa nzima. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananitazama nikiandika, na tukatazamana. Kama ingekuwa ni mwanafunzi wake aliyeleta vipimo vya namna hiyo, angemrudisha akapime upya. Mimi nilifunga daftari, nikamwambia gari iko salama. Akasema ahsante.

Sikumwuliza. Nilijiambia ni heshima. Huenda ilikuwa woga, maana nilishaanza kuelewa kwamba ile milima nilikuwa nimeitoa mahali ambapo yeye alikuwa ameiweka.

Mara ya mwisho nilikutana naye Uyole.

Nilikuwa nimetoka Mbeya na boksi la gasketi, mchana, nikashuka Uyole kubadilisha gari la kurudi Kyela. Pale ndipo barabara yetu inapokutana na ile kubwa: kushoto Mbeya, kulia Iringa na kuendelea mpaka Dar, na huko ndiko njia ya Lushoto. Kando ya vibanda vya chai, mbele ya magunia ya viazi, niliiona pikapu. Alikuwa ndani, amevaa sweta, kikombe cha chai kipo juu ya dashibodi. Nilifikiria kupita kama sikumwona. Kisha nikasogea dirishani nikamwamkia.

"Marahaba," akaitika. Hakushtuka. Alihamisha mkoba kwenye kiti cha pembeni, akanifungulia mlango.

Niliingia na boksi langu nikaliweka mapajani. Alisema huwa anafika hapo. Kila mwezi anafika hapo, anakunywa chai, analala kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa pili, asubuhi anakuja kuikalia njia panda tena. Siku nyingine amewahi hata kuwasha taa ya kukata kulia. Halafu anarudi Kyela.

Akanieleza habari za msiba wa mama yake. Simu ilifika shuleni akiwa darasani. Kwa Waislamu maiti hailazwi, inazikwa siku ile ile, na kutoka Kyela hata ungekuwa na mabawa usingewahi. Alisafiri siku mbili kwenye basi akitapika. Alipofika matanga yalikuwa yamejaa watu uani. Kaka yake alimwona akiingia na begi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mgeni amefika, mpeni kiti."

"Wakanipa," Mwalimu akasema. "Ndugu zangu wote wamekaa chini kwenye mikeka, mimi nimekaa juu ya kiti, katikati yao. Hakuna aliyeniambia nishuke."

Nikamwambia pengine kaka yake alisema kwa uchungu tu. Akasema anajua. Kaka mwenyewe alikuwa amemtumia salamu miaka yote ile, kwa mdomo wa binti yake, kwamba aje. Hakuna ugomvi uliobaki. Ila kila akitaka kwenda alikiona kile kiti. Pikapu ilipokuwa haipandi alikuwa na jibu la kuwapa watu, na la kujipa mwenyewe. Nilipomfungia tabo akakosa.

"Wewe ulifanya kazi nzuri," akasema. "Usije ukafikiria vingine."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwuliza kaka anaendeleaje.

"Tumemzika," akasema, kisha akajisahihisha. "Wamemzika. Jumanne ya wiki iliyopita."

Malori yalipita. Mwenye kibanda alikuja kuchukua kikombe akamwongezea chai bila kuulizwa, kama mteja wa siku zote. Mwalimu akasubiri aondoke. Alisema binti wa kaka hakumlaumu, alimwambia tu, "Shangazi, umebaki wewe." Katika ukoo wao sasa yeye ndiye mkubwa. Watu wakija kuuliza mambo ya shamba au ya ndoa, hakuna mwingine wa kuulizwa, na yeye hata majina ya watoto hayajui.

Nikamwambia nitampeleka. Nitapiga simu nyumbani, tutaendesha kwa zamu, keshokutwa tuko Lushoto. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta simu mfukoni. Akanishika mkono.

"Hapana. Nikifika na wewe nitakuwa nimeleta mgeni, wote watashughulika na wewe. Niache nifike peke yangu, waniseme."

Basi nikashuka, nikafanya ninachokijua. Nilifungua boneti, nikatazama oili, nikatazama maji, nikakaza vilemba vyote vya mipira ya hewa hata vile visivyohitaji. Nilipiga teke matairi manne moja moja. Yeye alishuka akasimama karibu yangu, akatazama ninavyofanya, akaniuliza kama nimepima upepo au nimekisia. Nikasema nimekisia. Nikaenda kuazima geji kwa mwenye lori, nikapima. Tairi moja ilikuwa pungufu, tukaijaza.

Alipanda, akawasha. Hakuniaga kwa maneno marefu. Alisema nimsalimie mke wangu, na kwamba daftari la mvua liko juu ya kabati, ufunguo uko kwa jirani, mtu aendelee kuandika. Akawasha taa ya kulia. Akasubiri. Lilipita basi, yakapita malori matatu ya mafuta, barabara ikawa nyeupe, naye bado amesimama, taa inapepesa. Nyuma yake dereva akapiga honi. Ndipo pikapu ikaingia barabarani ikakata kulia, nikaisikia ikichanganya gea, filimbi yake ikilia, halafu kelele za njia panda zikaifunika.

Gari la Kyela lilijaa likaniita, nikaliacha liende. Nilikaa kwenye benchi la kibanda kile, nikaagiza chai, nikatazama barabara ya Iringa. Najua kuendesha gari kunavyokuwa: mtu anaweza kufika mbele kidogo, akapata mahali papana, akageuza. Kila pikapu iliyotokea upande ule niliinukia kidogo. Sikujua hata ninaomba nini. Kama ingerudi tungeshuka pamoja, nami ningekuwa na mtu wa kuongea naye mpaka Kyela, na Jumatatu angekuja gerejini kukaa kwenye kiti chake. Nilikunywa chai ya pili. Jua likazunguka likanipata usoni.

Haikurudi.